Sura ya Sita: Wakulima Wote Wanaitwa Jina

"Kaka, njoo uone mwenyewe. Wakulima wote wanaitwa Jina."

Karani wa ghala alinipigia saa mbili kasoro asubuhi, mimi hata chai sijanywa. Ulikuwa msimu wa mahindi, na foleni ya magunia pale Mpanda ilikuwa imeshatoka nje ya geti. Jina la ghala nitalihifadhi. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewatengenezea programu ndogo ya simu ya kuandikia mzani: jina la mkulima, magunia mangapi, kilo ngapi, amelipwa au bado. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliwatumia toleo jipya lenye ukurasa wa orodha, ili dada yule karani asiwe anamfungua mkulima mmoja mmoja kama anayepekua mafaili.

Nilipofika akanigeuzia simu. Salamu hakunipa, na anayewajua watu wa Mpanda atajua hasira ilikuwa imefika wapi. Kwenye skrini kulikuwa na mistari arobaini na moja. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la mzee mmoja wa Kakese na kilo 1,240. Mistari arobaini iliyobaki ilisema kitu kimoja, kutoka juu hadi chini: "Jina la mkulima, kilo 0."

"Halafu huyu mzee ndiye wa mwisho jana," akasema. "Amekuja magharibi, tunafunga. Amefikaje juu?"

Swali lake lilikuwa na jibu lote ndani yake, ila mimi sikulisikia. Nilikuwa naangalia wale arobaini wasio na majina, wakati ufunguo ulikuwa kwa yule mmoja aliyepata.

Tuanze na kile kinachoonekana. Kitufe cha "Hifadhi" unachokigusa kina maisha mawili. Kwanza ni maandishi ndani ya faili la mchoro: hapa pakae lebo, chini yake kitufe, upana huu, rangi hii. Programu inapowashwa, faili hilo linasomwa na kila kilichotajwa humo kinaumbwa kuwa kitu hai ndani ya kumbukumbu ya simu. Kwenye Android tendo hilo huitwa kwa neno lenye maana ya kujaza upepo, na limekaa vizuri: mchoro ni mpira uliokunjwa mfukoni, na simu ndiyo pampu.

Kodi yako, yaani maagizo unayoiandikia programu, yale yanayojua kwamba mzee ana kilo 1,240, imekaa upande mwingine kabisa. Haijui lebo iko wapi. Ili iandike chochote pale, lazima ipate njia ya kuifikia wakati programu ikiwa tayari inaendeshwa. Njia hiyo huitwa rejeleo. Rejeleo si kitu chenyewe. Nikikupa namba ya simu ya shangazi yangu, sijakupa shangazi. Na shangazi akibadilisha laini, namba unabaki nayo, na wala haitakwambia kwamba imekufa.

Vitu vya kwenye skrini hupangwa kama mti. Dirisha ni shina, ndani yake kuna visanduku, na ndani ya visanduku kuna vitufe na lebo. Kila kitu kina mzazi mmoja tu. Mtu wa Mpanda haoni ugumu hapa, kwa sababu reli yetu iko hivyohivyo. Reli ya Kati inatoka Dar es Salaam, inafika Tabora, inaelekea Kigoma. Pale Kaliua linachomoka tawi moja la kilomita 210 na kuja kuishia kwetu. Lilijengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa zamani, treni bado inakuja na inabeba watu na mizigo. Huwezi kufika stesheni ya Mpanda kwa treni bila kupita Kaliua. Stesheni yetu ni jani, Kaliua ni mzazi wake.

Kama ni mti, basi njia ya kwanza ya kupata kitu ni kutaja matawi yote unayopita. Ndivyo alivyofanya John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipotengeneza Tk mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwenye Tk jina la kitufe ndiyo njia yake: nukta, jina la kisanduku, nukta, jina la kitufe. Wanafunzi wengi wa Python wanaitumia Tk bila kujua, kwa sababu Tkinter imesimama juu yake. Chapisha kitufe chako cha Tkinter kwa `print` utaona kitu kama `.!frame.!button2`. Hiyo ndiyo anwani yake kamili kutoka kwenye shina.

Inapendeza, mpaka siku utakapopanga upya nyumba. Chukua Karema, pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga kituo chao hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia mapadri wa White Fathers. Mpanda nzima iliwahi kuwa chini ya Tabora. Mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa tukapelekwa huko. Mwaka 2012 Katavi ikazaliwa, tukahamia Katavi. Baadaye ikatokea Wilaya ya Tanganyika, na leo Karema imo humo. Mtu aliyekuwa ameandika kwenye daftari "Rukwa, Mpanda, Karema" akifuata njia hiyo leo haoni kitu, ingawa kijiji hakijasogea hata hatua moja, na mawimbi yanapiga palepale. Aliyehama ni mzazi.

Kodi inayomtafuta mtoto kwa njia ya wazazi huvunjika hivyo. Msanifu anaamua kitufe kikae ndani ya kisanduku kingine ili kipendeze zaidi, hajagusa hata herufi moja ya kazi yako, na asubuhi programu haifunguki. Nimewaona vijana wakiandika "nipe mtoto wa tatu wa mtoto wa pili wa dirisha", kisha anakuja mwingine anaongeza picha ya nembo juu ya ukurasa, wa tatu anakuwa wa nne. Huo ni ushoni wa haraka. Nguo inafumuka ukiinama mara ya kwanza.

Wengine humtafuta mtu kwa sura yake. "Nyumba yenye geti la bluu, mbele ya mwembe." Kwenye skrini ni kutafuta kitufe kilichoandikwa "Save". Kinapatikana vizuri mpaka siku programu itakapotafsiriwa. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili kitupu. Kama ndani ya programu ile kungekuwa na kodi inayotafuta menyu kwa kusoma maandishi yake ya Kiingereza, kila neno walilolitafsiri lingekuwa limeziba mlango mmoja. Geti limepakwa rangi ya kijani, na mgeni anazunguka mtaa mzima.

Ndipo tunafika kwenye namba. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, operesheni ya anwani za makazi ilipita nchi nzima. Vibao vya majina ya mitaa vikasimikwa, nyumba zikapewa namba. Ukiwa na mtaa na namba, geti na lipakwe rangi yoyote.

Android imefuata mtindo huo tangu siku zake za kwanza, na simu yake ya kwanza iliingia sokoni mwaka 2008. Kwenye mchoro unakipa kitu kitambulisho, tuseme `kilo`. Wakati wa kuijenga programu, zana zinageuza jina hilo kuwa namba na kuiandika kwenye daftari liitwalo `R`. Ukiichungulia utakuta namba inayoanza na 0x7f. Halafu kodi yako inaita `findViewById(R.id.kilo)`, na simu inaanza kutembea kwenye mti: inamwuliza shina, "wewe ndiye?" Kisha mtoto wa kwanza na ukoo wake wote, kisha wa pili, mpaka apatikane mwenye namba hiyo. Windows ilikuwa na mtindo huohuo miaka mingi kabla, kwa `GetDlgItem`, na humo kitufe cha kukubali ni namba 1 na cha kughairi ni namba 2 mpaka leo. Qt wanatumia majina, wanaita `findChild`. Wenye kurasa za mtandao wana `getElementById`. Lugha zinatofautiana, wazo ni lilelile: mtu anabisha hodi akimtafuta mwenye namba au jina hilo.

Sasa sikiliza vizuri neno "mpaka apatikane". Anayebisha hodi akimpata wa kwanza mwenye namba hiyo, anarudi. Haendi kuangalia kama yuko mwingine.

Mpanda tuna kata inaitwa Majengo. Dodoma wana Majengo, Songea wana Majengo, Mombasa wana yao, na Nairobi kuna Majengo maarufu kuliko zote. Ukimwambia dereva wa boda hapa stendi "nipeleke Majengo", hakuulizi ya wapi, maana utafutaji wake unaanzia Mpanda na unaishia Mpanda. Jina halina tatizo. Linategemea umesimama wapi unapoliita. Lakini mtu akisimama Dar es Salaam, kwenye shina la nchi, akaita "Majengo!" na kuchukua ya kwanza anayoiona, mzigo wako unaweza kushushwa Dodoma na asione ajabu yoyote.

Orodha yangu ilikuwa na mistari arobaini na moja iliyoumbwa kutoka mchoro mmoja. Kila mstari ulikuwa na lebo yake yenye kitambulisho `jina` na nyingine yenye `kilo`. Majengo arobaini na moja. Na mimi, kwa kila mkulima, nilikuwa naumba mstari mpya, kisha nasimama kwenye shina la ukurasa mzima naita `findViewById(R.id.jina)`. Mbisha hodi anaenda, anampata wa kwanza, anarudi. Kila mkulima aliandikwa juu ya mstari wa kwanza, akafutwa na aliyemfuata, mpaka akaja mzee wa Kakese, wa arobaini na moja, ambaye hakuwa na wa kumfuta. Mistari mingine ilibaki na maneno niliyoyaandika kwenye mchoro ili nione itakavyopendeza. Nyumbani nilikuwa nimeijaribu kwa mkulima mmoja tu. Kwa mmoja hukosei.

Pale ghalani, nikiwa nimekaa juu ya gunia na kompyuta magotini, nikarekebisha: nisiite kutoka kwenye shina la ukurasa, niite kutoka kwenye mstari niliouumba sasa hivi. Nikatuma. Dada akafungua.

"Vilevile," akasema. "Jina, Jina, Jina."

Nitalirudia hilo. Kwanza niseme kuhusu kuuliza mapema, maana ndilo jambo lililoniingia akilini pale kwa hofu, ingawa silo lililonikuta.

`findViewById` ikikosa haipigi kelele. Inakupa mkono mtupu. Ukiiita kabla ya `setContentView`, yaani kabla mchoro haujajazwa upepo, unabisha hodi kwenye kiwanja ambacho nyumba haijajengwa. Unarudi huna kitu, unadhani unacho, unajaribu kukiandikia, na programu inaanguka ikitaja `NullPointerException`. Aliyeleta wazo la rejeleo tupu ni Tony Hoare, Mwingereza, mwaka 1965 akisanifu lugha ya ALGOL W. Mwaka 2009 alilikiri hadharani na kuliita kosa lake la dola bilioni. Kwenye kompyuta za Apple mambo yalikuwa ya upole zaidi, na upole huo mimi siupendi. Lugha ya Objective-C ukiiambia iandike kwenye kitu ambacho hakipo, inakaa kimya tu na kuendelea na mambo yake. Kibarua akianguka na gunia namwona. Anayesema "ndiyo bosi" halafu hafanyi kitu, nitakuja kumgundua mwisho wa msimu.

Ila hao wa Objective-C walikuwa na jambo jingine zuri sana. Mfaransa Jean-Marie Hullot alitengeneza Interface Builder, ikaja na kompyuta za NeXT mwaka 1988. Humo hutafuti kitu. Unachora skrini kwa kipanya, kisha unavuta mstari kutoka kwenye kodi yako mpaka kwenye kitufe, kama unavyomshika mtoto mkono ukamkabidhi kwa mjomba wake. Dirisha linapofunguka, makabidhiano yanafanyika yenyewe. Android walichelewa kufika hapo. Februari 2020, na Android Studio 3.6, walileta utaratibu ambapo kompyuta yenyewe inakuandikia kodi ya kukusanya vitu vyote vyenye vitambulisho na kukukabidhi kwa majina. Ukikosea jina unaambiwa ukiwa bado mezani, hujafika ghalani.

Makabidhiano hayo nayo yana siku ya kuisha. Mwezi mmoja baada ya asubuhi ile ya ghalani niliunganisha simu na mzani kwa Bluetooth, ili kilo zijiandike zenyewe. Zikawa zinajiandika. Baada ya siku mbili dada akaniita: kilo zimeganda, mzani unasema 96, simu inasema 71 tangu asubuhi. Nikamwuliza amefanya nini, akasema hajafanya kitu. Nikakaa kando nikamtazama. Gunia lilipopanda alishika simu wima. Alipotaka kuwaonyesha wakulima namba kubwa, akailaza.

Simu ya Android ikilazwa, kwa kawaida yake inauvunja ukurasa wote na kujenga mwingine wenye umbo la ulalo. Lebo mpya, kitufe kipya, vyote vipya, vyenye vitambulisho vilevile. Kodi yangu iliyokuwa inasikiliza mzani ilikuwa imekabidhiwa lebo ya zamani, na ikaishikilia. Gunia kwa gunia, iliandika kilo sahihi kabisa kwenye lebo iliyokwishaondolewa kwenye skrini, kama mwalimu anayeandika ubaoni kwenye darasa lililohamwa. Hakuna kosa lililotajwa popote, maana lebo ile ilikuwa bado ipo kwenye kumbukumbu. Ilikuwepo kwa sababu yangu: mfagiaji wa kumbukumbu hafagii chumba ambacho ufunguo wake bado uko mfukoni mwa mtu. Na kila dada alipoilaza na kuisimamisha simu, nikawa nimeongeza ukurasa mwingine mzima usiofagiliwa. Ile ilikuwa simu ya bei nafuu, kumbukumbu haba. Jioni ilikuwa inapumua kwa shida. Dawa yake ni kuachia: ukurasa unapoondoka, anayesikiliza mzani anaambiwa arudishe ufunguo, na ukurasa mpya unapoingia anakabidhiwa lebo mpya.

Vijana wa sasa watanicheka. Tangu Julai 2021 kuna Jetpack Compose, ambapo humshiki mtu yeyote mkono. Unasema tu "kilo ni 96, na lebo huonyesha kilo", na kilo zikibadilika skrini inajichora upya panapohusika. Mimi naipenda, na programu ya ghala nimeihamishia humo. Lakini waambie waandike jaribio la kuhakiki kwamba kitufe cha kulipa kinafanya kazi. Utawaona wanakibandika kitufe alama ya `testTag` ili jaribio liweze kukitafuta kwenye mti. Na msomaji wa skrini anayemsaidia asiyeona naye hutembea kwenye mti huohuo, na akikuta kitufe kisicho na jina hana la kumwambia mwenye simu zaidi ya kwamba hapa kuna kitufe. Kubisha hodi hakujaisha, kumehamia mtaa wa pili.

Turudi kwenye gunia nililokalia asubuhi ile. Nilikuwa nimerekebisha, na bado wakulima wote wanaitwa Jina. Nikaisoma kodi yangu mstari kwa mstari kama barua ya mahakama. "Jaza upepo mchoro wa mstari, uweke ndani ya orodha, nipe ulichokiumba." Kisha: "ndani ya hicho ulichonipa, mtafute `jina`." Sahihi kabisa, kwa Kiswahili. Lakini amri ile ya kujaza, ukiiambia mzazi ni nani bila kusema zaidi, inachukulia kwamba unataka mtoto apachikwe kwa mzazi papo hapo. Na ikishampachika, inayokurudishia ni orodha nzima, yule mzazi. Nilidhani nimeshika mstari wa arobaini na moja, kumbe mkononi nilikuwa na orodha yote, naita jina ndani yake, na anaitika wa kwanza. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam nikasimama Tabora. Mpanda nilikuwa bado sijafika.

Nikaongeza neno moja mwishoni mwa amri, `false`, yaani usipachike kwanza. Ikanirudishia mstari wenyewe, mpweke, bila mzazi. Nikauandika jina, nikauandika kilo, ndipo nikaupachika kwenye orodha kwa mkono wangu.

Dada akafungua. Akashusha kidole taratibu, mdomo ukisoma majina. Mzee wa Kakese alikuwa chini kabisa, kilo 1,240, bado hajalipwa.

Mzee mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu, fimbo mkononi, sijui tangu saa ngapi. "Shikamoo baba," nikamwambia. Akaitikia "marahaba" bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Binti," akasema, "asubuhi uliniambia mimi ni wa kwanza."